Nyumba Iliyowapa Ng'ombe Mgongo

Kosa ni langu, fundi asisingiziwe. Nilimchorea Nesi Elieth nyumba kule Machochwe, ikawa nzuri mpaka watu wakasimamisha pikipiki barabarani kuiangalia, kumbe nimeigeuza. Mlango, baraza na dirisha kubwa la kioo, vyote vinaangalia mbugani. Zizi la ng'ombe likabaki nyuma, kwenye kisogo cha nyumba.

Na mimi ni mtu wa Issenye. Nimezaliwa kwenye nyumba ambayo ukifungua mlango unapumuliwa na dume usoni. Nilipaswa kujua.

Lakini siku Elieth aliponipeleka kiwanjani nilipagawa. Mawe makubwa kama tembo waliolala, mgunga mmoja katikati, na mbele yake nyanda hadi macho yanachoka. Nikasema hapa haukatwi mti wala halipasuliwi jiwe. Nyumba ikaukwepa mgunga kwa kujikunja kidogo. Jiwe moja likawa ukuta wa sebule, bila kuliongezea hata lipu. Tofali zilitoka udongo wa palepale, kwa hiyo ukiwa mbali huoni nyumba, unaona kilima kina madirisha. Mseti, fundi wangu, alikuwa ananicheka, "Bosi, hii umechora au umeificha?"

Sasa Jumamosi ya kuhamia ikafika. Elieth alijenga kwa ajili ya baba yake, mzee Wangwe, aliyekuwa analala kwenye nyumba ya zamani iliyoshikiliwa na magogo mawili upande wa nyuma. Masika yalishaanza kunguruma upande wa Tarime. Mvua moja ya maana, ule ukuta unalala kitandani na mzee. Kila mtu pale alilijua hilo.

Mzee akaja na fimbo yake, akafika mlangoni, akasimama.

"Shikamoo mzee," nikasema, nimejaa tabasamu.

"Marahaba. Ng'ombe wangu wako wapi?"

"Wako zizini, mzee. Nyuma huko."

"Nauliza kwa sababu nikisimama hapa siwaoni. Kwa hiyo mimi niwe naangalia nini?"

"Mbuga, mzee! Watalii wanatoka Ulaya kuja kuiona."

"Hao hawana ng'ombe." Akanyoosha fimbo kule nyumbu walikoonekana kama pilipili manga iliyomwagika. "Wale ni wa Serikali. Nikiwaangalia watanipa maziwa? Mimi siwezi kulala nimewapa ng'ombe wangu mgongo kama niliyegombana nao."

Akageuka, akarudi zake kukaa kwenye kile kibanda kinachochechemea. Vitanda vikabaki juu ya vichwa vya watu.

Elieth akanivuta pembeni. Yule dada ni mpole, lakini ana macho ya sindano.

"Kaka Thadeo, kwenu Issenye mlango unaangalia wapi?"

"Zizini."

"Sasa diploma ilikufundisha nini?"

"Mandhari," nikasema, nikatamani lile jiwe la sebule linimeze.

"Tata hatalala humu, na kule mvua itamuua. Fanya kitu leo."

Mseti akacheka kwa sauti, "Labda ng'ombe ndio wageuke, maana nyumba haigeuki!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeangalia mbele ya baraza, chini kidogo, pale nilipokuwa nimepita mwaka mzima bila kupaona. Mawe yalikuwa yamezunguka uwanja tambarare pande tatu, marefu kunizidi. Upande mmoja tu, ulioelekea nyumba, ndio ulikuwa wazi. Jamani, lile lilikuwa zizi! Lilikuwa linasubiri ng'ombe tangu mawe yaumbwe, na mimi nimeliandika kwenye ramani "eneo la kupumzikia".

Nikaokota vumbi, nikaliachia. Upepo ukalipeleka mbugani, mbali na nyumba, maana yake harufu nayo itakwenda huko. Maji yanatelemka kwenda hukohuko. Nikaanza kupiga kelele kama nimeokota tanzanite.

"Mseti! Ng'oa zizi lile! Miiba yote, nguzo zote, lete hapa! Tunaziba upande mmoja tu!"

"Taratibu, mura, kijana wangu," jirani mmoja akasema. "Zizi la mtu haling'olewi kama hema. Mwenyewe ndiye anayeng'oa nguzo ya kwanza."

Tukaenda wote kwa mzee. Elieth akapiga magoti. "Tata, tumepata pa kuwaweka. Mbele ya dirisha la chumba chako."

Mzee hakumwangalia. Aliniangalia mimi. "Nikilala, nitawaona?"

"Kichwa kikiwa kwenye mto, mzee."

"Na wao wataniona?"

Hilo sikulitarajia. "Kioo ni kikubwa, mzee. Watakuona mpaka unavyokoroma."

Radi ikanguruma tena, Elieth akafumba macho. Halafu mzee akainuka, taratibu, akaenda zizini, akashika nguzo ya mlangoni, akaitikisa. Ilikuwa imezama ardhini miaka mingi. Tukataka kumsaidia, akatufukuza kwa kiwiko. Ikang'oka! Akina mama wakapiga vigelegele hadi pimbi wakakimbia juu ya mawe.

Baada ya hapo sijui hata tulifanyaje. Vitanda vikaingizwa ndani, miiba ikapanda vichwani. Elieth na sare yake ya kazi alikuwa anaburuta matawi, Mseti anachimba mashimo huku anaimba. Saa kumi na nusu ng'ombe wakaanza kuingia, mmojammoja, wananusa mawe kama wakaguzi. Wote wakaingia isipokuwa dume jeusi. Hilo likaona kioo, likaona ndani yake dume lingine jeusi, likakataa katakata kulipita. Elieth akanipa kamba. "Shika hapo dakika moja tu, kaka."

Mara nikasikia mtu anasema, "Mzee anaingia!" Wote wakatupa majembe wakamkimbilia.

Kupitia kioo nikamwona. Alikaa kitandani, akalala kabisa na viatu vyake, akageuza uso dirishani. Kidole chake kikaanza kutembea juu ya ng'ombe, na mdomo unawataja majina. Elieth alikuwa amejishika mashavu. Mseti anaruka. Nyumba nzima ilikuwa inacheka, nami nacheka peke yangu huku nje, kamba inanivuta, matone ya kwanza yananipiga kichwani.

"Jamani," nikaita, "mtu mmoja aje anishikie hili dume, na mimi nione!"