Chiriku wa Kijivu

Ndunge alipofunua kizimba asubuhi, alimkuta chiriku mmoja chini, manyoya yamemtutumka, akihema kwa shida. Ndege hao wawili aliletewa na mumewe kutoka Malili, muda mfupi kabla hajafariki, akiamini wote ni madume.

Alimpigia simu dada yake Wavinya, ambaye pia hufuga chiriku.

"Chiriku mmoja yuko chini, anahema kwa shida. Anakufa," alisema.

"Angalia mashavu. Yana doa la rangi ya machungwa?"

"Mwenzake ndiye analo. Huyu ni kijivu tu."

"Umewahi kumsikia akiimba?"

"Hapana. Huimba yule mwingine."

"Basi huyo ni jike, na huenda yai limemkwama. Mpashe joto upesi. Usimbinye tumbo."

Ndunge alimlaza ndani ya katoni, juu ya chupa ya maji moto aliyoizungushia leso, akaketi kando akiogopa hata kukohoa. Ndege alifumba macho. Ndunge akamwomba Mungu asimchukue na huyu.

Jua lilipopanda, alisikia mkwaruzo. Alichungulia kwa hofu. Jike alikuwa amesimama, na kando yake palikuwa na yai dogo jeupe.

Ndunge akalia.