Kufuli Mpya, Udongo wa Zamani

Mzee Stallcup alikuwa anauza vyumba vyake vya kuhifadhia mizigo, safu mbili za milango ya bati ya kuinua juu, kwenye barabara ya kwenda mji wa Tyler. Nilivitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na nilikwisha kujigamba kanisani kwamba ni vyangu. Ili tuvinunue, Mama alikubali kuuza malisho tuliyoachiwa na baba. Asubuhi ile alikuwa kwa wakili, mnunuzi wa malisho kaketi mbele yake, naye Mama akingoja simu yangu ndipo aweke sahihi.

Lakini nilipomwuliza mzee ana wapangaji wangapi na wanalipa kodi gani, alinizungusha. Mara karani mgonjwa, mara kompyuta imeungua. Nilipoomba kuchungulia chumba kimoja tu, alisema funguo wanazo wapangaji wenyewe, na yeye si mwizi.

"Kijana, hesabu gani tena unataka?" aliniambia, akionyesha milango kwa kofia yake. "Kila mlango una kufuli. Umewahi kuona mtu akiifungia hewa?"

Nikamwuliza mbona kufuli zote ni za aina moja, na zote zinang'aa. Akasema huwapa wapangaji kama zawadi. Kisha akaongeza kwamba baba yangu hakuwa mtu wa maswali mengi.

Hilo lilinichoma. Niliinama nijifanye nakagua mlango, asiuone uso wangu, na hapo nikaona udongo.

Nyigu wa kwetu hujenga kwa udongo kila penye upenyo. Chini ya mlango ule, kati ya bati na sakafu, vijumba vyao vilikuwa vimegandamana, vikavu kama matofali, vimejaa matundu walimotokea wana wao zamani. Mlango ungeinuliwa hata kidogo, vyote vingevunjika. Havikuwa na ufa.

"Mzee, kufuli hii ni mpya," nikasema. "Udongo huu ni wa mwaka jana. Huyu mpangaji wako aliingizia wapi mizigo yake?"

"Nyigu hujenga haraka."

"Na huzeeka haraka?"

Nikaenda mlango wa pili, nikainama. Udongo. Wa tatu, udongo. Mzee alinifuata nyuma, na kila nilipoinama alishusha bei. Tulipofika mwisho wa safu, ilikuwa imebaki nusu.

Nakiri nilitamani kukubali. Kwa nusu ile ningeweza kurudi kanisani kichwa juu.

"Nusu ya nini, mzee?" nikamwuliza. "Niambie wapangaji ni wangapi, tuzungumze."

Akavaa kofia yake, akatazama barabarani.

Nikampigia Mama, nikamwambia asiweke sahihi.

"Hata sijashika kalamu, mwanangu," alinong'ona. "Tangu nifike nawaambia hawa watu natafuta miwani."

"Imepotea?"

"Nimeivaa."