Zimwi Lenye Pengo

Nyuma ya kila kitabu cha Bugalama kulikuwa na picha yake, kakunja mikono, kidevu juu, na chini yake maneno aliyoyatunga mwenyewe: "Mwandishi huyu hajawahi kumpa adui kisogo." Vitabu sita, visogo sifuri. Alivichapa katika kibanda chake cha stesheneri pale Tunduma, akavibana kwa stepla, akawauzia abiria waliosubiri kugongewa mihuri mpakani. Mazimwi, majini, malkia wenye mikia, na zile ngano za bibi alizozifumua na kuzishona upya mpaka bibi mwenyewe angekutana nazo njiani asizisalimie.

Jumamosi hiyo alikuwa kijijini Isansa, amekaa kwenye kigoda kilichokuwa kifupi mno kwa miguu yake, shati limepigwa pasi mpaka linakata, anaposa.

Binti ni Tabita, aliyekuwa jikoni akijifanya hasikilizi. Baba yake, Mzee Anyosisye, alikuwa na ekari nne za kahawa na hakuwa na haraka na mtu. Upande wa kijana aliongea baba yake mdogo, Ngassa, mfugaji aliyepanda kutoka bondeni Momba na fimbo yake mkononi, maana kwa Ngassa kwenda ukweni bila fimbo ni sawa na kwenda bila suruali.

"Sisi watu wa kahawa," Mzee Anyosisye alisema, "mche tunautazama miaka mitatu kabla hatujauchuma. Huyu kijana wako namtazama tangu saa mbili tu."

"Mzee mwenzangu, huyu hatazamwi, anaulizwa," Ngassa akajibu. "Wewe! Mwonyeshe mzee mkono."

Bugalama akapandisha mkono wa shati polepole, kama anafungua pazia. Chini ya kiwiko cha kushoto kulikuwa na kovu la nusu duara, vinundu vinundu. Meno ya kiumbe fulani. Vibarua wa kuchuma kahawa walikuwa wametoka shambani kunywa chai, wamekaa pembeni ya vichanja vya kukaushia na sahani za magimbi ya kuchemsha. Walipoona kovu wakasogea. Bugalama akaona hadhira, na Bugalama akiona hadhira ni mbuzi kaona mahindi.

"Miaka minane iliyopita," akaanza. "Jua la utosi. Wanaume wote wako mnadani. Wakaja wezi saba wa ng'ombe, mapanga, na gobole moja. Mbwa wetu akabweka mara moja. Ya pili hakuimaliza, kichwa kilishavuka ua. Mzee Zabron, mchungaji wetu, akanyanyua fimbo. Wakamkata mkono. Fimbo ikaanguka na mkono ungali umeishika. Akainama kuuokota, masikini, wakamshusha panga la shingo."

Kibarua mmoja akarudisha gimbi lake sahanini.

"Nikajiambia, Bugalama, hapa ni wewe na Mungu, na Mungu leo kachelewa. Nikachomoa panga kiunoni mwa marehemu. Wa kwanza nikampasua bega. Wa pili nikalizamisha tumboni, likagoma kutoka, nikaweka mguu kifuani pake nikalivuta kama mtu anang'oa kisiki. Wa tatu akanirukia, akaning'ata hapa, akaning'inia kama kupe. Nikamtwanga ubapa wa panga kichwani mpaka akaachia. Ndipo nikapiga mwano."

"Mwano ni yowe letu, mzee mwenzangu," Ngassa akadakia. "Ukiona wezi unalipiga, jirani analipokea, na jirani wa jirani, mpaka bonde zima liko mbioni. Mwanaume akiwaona wezi akanyamaza, kwetu hana kwao. Tunamfukuza, na moto wa kuwashia jiko hapewi. Sasa huyu alilipiga, nikalisikia niko mbali kule! Sauti nyembamba, nikasema mtoto wa kaka anakufa analia kama binti." Akacheka, akapiga goti. "Tulimkuta amesimama, panga mkononi, analinda binti wa jirani aliyelala kwenye damu yake. Tukauliza, nani kapiga mwano? Akasema, mimi. Neno moja tu."

"Sawa," Mzee Anyosisye akasema. Akavuta mfuko wa plastiki kutoka chini ya kiti, akatoa vitabu vyote sita, vimechakaa, vimechorwa kwa kalamu nyekundu. Bugalama alihisi moyo ukimpanda kwa fahari. Msomaji!

"Nilikuwa katibu wa chama cha ushirika miaka kumi na tisa," mzee akasema, akifungua kalamu nyekundu. "Sijui kusoma bila kalamu. Hivi nimevisoma nikilinda kahawa yangu hapo kichanjani. Damu unaijua kuimwaga, kijana, nakupa hongera. Lakini kuna jambo. Cha kwanza, malkia anamla mumewe kuanzia vidole vya miguu. Meno makali kama misumari, ila moja la juu halipo. Cha pili, mamba anamkata mtu vipande viwili. Pengo. Cha tatu, ile ngano ya binti aliyefungiwa ndani ya ngoma. Bibi yangu alinisimulia, zimwi ndilo lililombeba. Kwako wewe binti ndiye zimwi! Anapasua ngozi ya ngoma, anatoka, anamtafuna mpigaji mpaka uboho wa mfupa. Na ana pengo. Cha nne, jini la mtungini. Pengo. Cha tano, mchawi aliyejificha tumboni mwa fahali. Pengo. Cha sita ni radi. Radi, mwanangu! Umeipa meno, nikasema haya, kijana ana ndoto zake. Sasa na radi nayo pengo la nini?"

Vibarua wakaangua kicheko. Bugalama naye akacheka, ila akachelewa. Hakuwa amejua. Vitabu sita, miaka minne ya kukesha na kompyuta, na hakuwahi kuliona pengo lile.

"Halafu kila kitabu kuna mtu mahali pa kubana," mzee akaendelea. "Ngoma, mtungi, tumbo la fahali. Anatoka humo na kung'ata. Mtu anaandika jambo mara sita, basi jambo hilo lina chumba kichwani mwake. Binti yangu anaenda kulala na kichwa hicho mto mmoja. Nataka kujua ni nani amepanga humo. Ukiniambia nikaridhika, leo hii namwita mama yake tupange siku. Usiponiridhisha, magimbi ni haya, kula, na njia unaijua."

Tabita alikuwa mlangoni sasa, mwiko mkononi, hajifanyi tena.

Bugalama akafungua mdomo, na kilichomjia siyo hadithi, ni harufu ya mtama. Kihenge cha mtama nyuma ya nyumba. Alikuwa amekimbia kabla fimbo ya Mzee Zabron haijagusa chini. Alisikia panga likiingia shingoni, sauti kama ya kupasua boga, akiwa tayari amefunua kifuniko na kujitupa ndani. Akaangukia mtu. Conjesta, binti wa jirani, aliyekuja kuazima chekeche na kuwahi kujificha. Nafasi ilikuwa ya mmoja. Conjesta akamshika mdomo amnyamazishe, yeye akamshika nywele. Akamvuta. Binti akamzamisha meno mkononi mpaka mfupa ukalia, na hata hivyo Bugalama akamnyanyua, akamsukuma juu ya ukingo, akamtupa uani kama gunia, mbele ya wale watu. Kisha akashusha kifuniko.

Kupitia upenyo wa fito aliona. Binti hakuomba huruma. Alisimama wima, akatupa kichwa nyuma, akapiga mwano. Wakamvunja taya kwa kitako cha gobole, sauti bado inatoka. Wakampiga panga la mgongo, mara mbili. Lakini yowe lilishavuka ua, lilishapokelewa huko ng'ambo, na wezi wakakimbia. Bugalama alitoka miguu ilipokubali. Panga lilikuwa chini, akaliokota asijue la nini. Ndivyo walivyomkuta.

"Nani, mwanangu?" mzee akauliza tena.

"Ni yule mwizi, baba," Bugalama akasema, na sauti yake ikatetemeka vizuri kabisa, utadhani kaipanga. "Yule aliyening'ata. Alikuwa na pengo la juu, upande wa kushoto. Sura yake imegoma kunitoka. Nikiandika zimwi, anakuja yeye."

Mzee Anyosisye akamtazama machoni. Akaifunga kalamu.

"Hapo tumeelewana," akasema. "Mtu huandika jeraha lake. Tabita, mwite mama yako."

Tabita akatabasamu. Ngassa akampiga mtoto wa kaka yake kofi la mgongo. Bugalama akapumua pumzi iliyokuwa imekaa kifuani miaka minane.

Mmoja wa vibarua akasimama. Alikuwa mwanamke aliyefunga kitenge kichwani mpaka chini ya kidevu, kama mtu anayeumwa jino. Alikuwa amekuja na wenzake kutoka Galula juzi kufuata msimu wa kuchuma. Alichukua gimbi zima, akaling'ata katikati, akalitoa mdomoni bila kutafuna. Akaja mpaka mbele ya mzee, mwendo wake umepinda mgongoni, akaliweka kwenye sahani, kando ya mkono wa Bugalama uliokuwa bado wazi.

Nusu duara. Juu, upande wa kushoto, nyama ya gimbi iliyosimama peke yake mahali ambapo jino halikupita. Mzee Anyosisye akatazama gimbi. Akatazama kovu: nafasi tupu mahali pale pale. Akaifungua kalamu.

"Mwangaluka, Bugalama," mwanamke akasalimia, akashusha kitenge. Taya lilikuwa limeungana upande. "Nilinyweshwa uji kwa mrija miezi minne. Nilipopata mdomo wa kusema tulishahamia Galula, na wewe ulishakuwa shujaa."

"Simjui huyu," Bugalama akasema. "Baba, wezi hawa wana ndugu zao, wanatumwa..."

"Baba Ngassa," mwanamke akasema, "hili pengo ni teke la ndama. Nilikuwa na miaka saba. Ndama alikuwa wako, mwekundu, ukatuletea maziwa wiki nzima kuomba radhi."

Ngassa aliinua sahani, akaigeuza, akairudisha. Aliposema, hakumwangalia mtoto wa kaka yake.

"Conjesta. Siku ile mwano alipiga nani?"

Conjesta alisimama wima kadiri mgongo ulivyomruhusu, akatupa kichwa nyuma, akalipiga. Sauti nyembamba, kali, ikapita juu ya vichanja na migomba mpaka mbwa wa bonde la pili wakaitika. Mwiko ukamdondoka Tabita.

Na Ngassa, ambaye masikio yake hayakuisahau sauti ile hata siku moja, alikuwa ameshasimama, fimbo juu, anageuka huku na huku kumtafuta mwizi. Hakutafuta mbali. Alichokiona ni kisogo cha Bugalama, kinaishia kwenye mibuni.