Ovaloki ya Mwenyekiti

Kikundi cha akina mama cha mtaa ule kilikuwa na kila kitu isipokuwa biashara. Kilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, muhuri, bango la kitambaa, fulana za rangi ya chungwa na wimbo maalumu wa kupokelea wageni. Kwa miaka mitatu walikuwa wamefundishwa kutengeneza sabuni ya maji, kisha mishumaa, kisha kuotesha uyoga kwenye mifuko. Sabuni waliitengeneza wote ishirini na wanane, wiki moja, mtaa mmoja, wakabaki wakitazamana nani amuuzie nani. Mishumaa iliyeyukia stoo chini ya bati. Uyoga uliliwa na panya, na panya wale hawakulipa. Lakini vyeti walipewa, kila mama vitatu, na kila mama akavitundika ukutani.

Fundi aliyajua yote haya kwa sababu kibanda chake cha ushonaji kilitazamana na ukumbi wa mafunzo. Yeye hakuwa na cheti hata kimoja. Alikuwa na cherehani mbili za kukanyaga kwa miguu, na ya pili aliinunua kwa kuuza kitanda chake cha ndoa baada ya mumewe kufariki, akalala chini mwaka mzima. Hakuna mradi uliompa hata kifungo. Kwa hiyo akina mama wa fulana za chungwa walipopita mlangoni pake aliwasonya, tena msonyo mrefu wa kusikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Mtu ambaye Fundi alimdharau kuliko wote alikuwa mwenyekiti wao, na ubaya wake ni kwamba mwenyekiti huyo alikuwa wifi yake, dada wa damu wa marehemu mumewe. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye sura ya kutia huruma na midomo myepesi kushukuru, na ni kwa sifa hizo mbili alipewa uenyekiti. "Wifi yangu ameinuliwa mara tatu," Fundi alikuwa akiwaambia wateja huku akipima kiuno cha mtu, "na bado yuko chini palepale."

Siku moja, miaka mitatu nyuma, kabla hata ya sabuni, wifi huyo alikuja kibandani, akasimama mlangoni akipindapinda ncha ya nguo yake, akaomba afundishwe kushona. Kibanda kilikuwa kimejaa watu. Fundi hakuinua hata macho kwenye kitambaa. Alimjibu, "Vidole vilivyozoea kupokea, wifi yangu, haviwezi kushika sindano." Wateja wakaangua kicheko. Wifi naye akacheka nao, akaaga kwa adabu, akaondoka. Fundi akaona amesema neno la maana, na kwa muda mrefu alilirudiarudia.

Sasa, kila mwenye kiburi ana pa kubanwa, na Fundi alibanwa kwenye sare za shule. Shule ya jirani ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Mwalimu mkuu, mwanamke mkavu asiyejua kutania, alimrudishia mzigo mzima wa mashati yaliyokuwa yakichambuka nyuzi kwenye mishono. Akamwambia mashati ya muhula ujao yawe yamepigwa ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, la sivyo kazi ataipeleka mjini kwa fundi aliye nayo. Mashati mapya yalitakiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Fundi hakuwa na ovaloki, na safari hii hakuwa na kitanda cha kuuza.

Hapo ndipo alipotokea afisa wa mradi. Mtaani walimwita Bwana Fursa, maana neno hilo halikumtoka mdomoni. Hata mvua ikinyesha kwake ilikuwa fursa. Alikuja na viatu vilivyochongoka, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, akaeleza shida yake. Mgeni mkubwa, mama mfadhili kutoka nje, anakuja Jumatatu kuona biashara iliyozaliwa na mradi. Sasa biashara yenyewe, kusema kweli, bado iko njiani. Lakini kibanda hiki kipo. Kwa siku moja tu kiwe cha mwenyekiti, na Fundi awe mwajiriwa wake. Akikubali, mgeni ataacha zawadi ya ovaloki mpya humu humu dukani.

Fundi alimtazama kuanzia viatu hadi kipara. Alitaka kumfukuza kwa futi kamba. Badala yake aliuliza mara mbili kama kweli ovaloki itabaki dukani, naye Bwana Fursa akaapa mara mbili kwamba itabaki. Basi akakubali. Alijiambia moyoni kwamba hawa ni wapumbavu, na mpumbavu akikuletea maziwa huulizi ng'ombe ni wa nani.

Jumatatu asubuhi Bwana Fursa alipigilia misumari mlangoni, akatundika kibao chenye jina la mradi na picha ya mikono miwili inayoinuana. Akina mama watatu wa kikundi waliwekwa mezani na mikasi, wakaambiwa wakate vitambaa vibovu polepole. Wifi alivishwa gauni ambalo Fundi mwenyewe alikuwa amemshonea mteja, akafungwa futi kamba shingoni. Fundi alipewa aproni na kigoda cha pembeni. Akakaa. Akawatazama wote wanavyohangaika, akajisikia vizuri kabisa, kama mtu aliyelipia kiingilio.

Mgeni alifika. Alikuwa mama mrefu, mwekundu kwa jua, mwenye tabasamu la kudumu na koti jeupe la kitani. Hakujua lugha ya watu aliokuja kuwainua; kila neno lilipita kwa Bwana Fursa. Wimbo ukaimbwa. Mgeni akaingia ndani huku akipunga mkono, na mkono huohuo ukanasa kwenye msumari wa kibao. Koti likachanika begani, mshono wote.

Bwana Fursa alikauka. Lakini mgeni alicheka, akalivua koti, akampa mwenyekiti kwa mikono miwili. Wapiga picha wakasogea. Kuna picha gani nzuri kuliko hiyo, mama aliyekombolewa akishona koti la mkombozi wake?

Wifi akakaa kwenye cherehani. Cherehani ya miguu ina tabia moja ambayo kila mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza: gurudumu huanzishwa kwa mkono, kuja upande wako, ndipo ukanyage. Ukikanyaga tu, linazunguka kinyume na uzi unakatika. Wifi alikanyaga tu. Uzi ukakatika. Fundi angeweza kumnong'oneza neno moja, alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake. Hakumnong'oneza. Ovaloki aliitaka, lakini kumwona wifi akiumbuka alikutaka zaidi kidogo. Wifi akatunga uzi tena, mikono ikitetemeka, akakanyaga, ukakatika tena. Mara ya tatu hakutunga. Aliondoa miguu kwenye kanyagio, akainua uso, akamwangalia Fundi, si mgeni.

"Sijui kushona," akasema. Hakupandisha sauti. "Kibanda hiki ni cha wifi yangu. Nilimwomba anifundishe kabla ya sabuni, kabla ya mishumaa. Alinicheka mbele za watu. Nikaenda kwenu, mkanipa vyeti. Leo nina vyeti vitatu na sijui kitu. Yeye anajua kila kitu, na amekaa pale ananitazama."

Mikasi ilisimama mezani. Akina mama wa kikundi waligeuka wote kumtazama Fundi, na katika macho yao aliiona ile dharau yake mwenyewe, aliyoigawa bure miaka yote, imemrudia. Akainamia aproni yake.

Mgeni akauliza mwenyekiti amesema nini. Bwana Fursa hakusita hata kidogo. Fundi alisoma kidogo lugha ya mgeni utotoni, akaelewa ya kutosha: yule bwana alimwambia mgeni kwamba mwenyekiti amelemewa na shukrani, mikono inamtetemeka kwa furaha, na siku hizi kazi za kushona amewaachia waajiriwa, yeye anasimamia. Mgeni akatokwa na machozi. Akamkumbatia wifi kwa nguvu. Kisha akachukua koti lake na kumpa mwajiriwa.

Fundi alilishona kwa dakika mbili, bega likarudi kama halijawahi kuchanika. Mgeni akalikagua, akafurahi, akauliza kupitia Bwana Fursa mwajiriwa anajisikiaje kupata bosi aliyeinuka kutoka chini namna hii. Watu wote wakasubiri. Boksi la ovaloki lilikuwa mlangoni, limefungwa utepe. Fundi aliliangalia boksi, akayafikiria mashati, akafungua mdomo.

"Namshukuru sana bosi," alisema. "Nawashukuru na wafadhili."

Maneno yalimtoka kwa midomo myepesi kabisa. Wakampigia makofi.

Ovaloki ilikabidhiwa kwa mkono wa mgeni, kwenye picha, kwa mwenyewe, yaani mwenyekiti. Jina lake likaandikwa kwenye karatasi na muhuri ukagongwa. Mgeni alipoondoka, boksi lilipakiwa kwenye gari la mradi likapelekwa nyumbani kwa wifi. Fundi alimkimbilia Bwana Fursa akamkumbusha kiapo chake. Bwana Fursa alimwambia, huku akipandisha kioo cha gari, kwamba zawadi ni ya mwenye duka, na kwamba hata hili alichukulie kama fursa.

Fundi alikesha akimtukana Bwana Fursa, mgeni, mradi na wote waliozaliwa na mradi. Alfajiri matusi yalikwisha, mashati yakabaki. Akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa wifi yake.

Kilikuwa chumba kimoja, kisafi. Ovaloki ilikuwa mezani, imetolewa kwenye boksi, na chini yake kulikuwa na vyeti vitatu vilivyobanduliwa ukutani, vimetandikwa ili mashine isichubue meza. Wifi alimkaribisha kigoda, akamuulizia afya, akamuulizia watoto. Adabu yake ilikuwa ileile ya siku zote, na Fundi hakuwahi kuona adabu inayouma kama ile. Alizungukazunguka na habari za hali ya hewa, mwisho akasema anaiomba mashine, siku nne tu.

Wifi alikunjua mikono yake akaiweka mezani, viganja juu, karibu na mashine.

"Jana nilikusikia ukishukuru, wifi," akasema. "Ulishukuru vizuri kuliko mimi, na mimi nimefanya kazi hiyo miaka mitatu."

Fundi akainamisha kichwa.

"Mashine haitoki humu. Leta mashati yako. Tutayashona hapa, na kila unachokifanya utanieleza unapokifanya. Ukiona vidole hivi haviwezi, uniambie tena. Ila safari hii uniambie ukiwa umeviangalia."

Fundi aliviangalia. Vilikuwa virefu, vyembamba, vimetulia. Vidole vya kaka yake, yule marehemu ambaye kitanda chake kiliuzwa. Fundi yeyote angevitamani. Miaka mitatu mizima vilipita mlangoni pake.

"Leta uzi," Fundi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.