Mahali Alipoumia Ezati

Jumamosi, tarehe 14 Juni, mwaka 2025, Annet alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya wazazi wangu huku Lobule, wilayani Koboko, amevaa fulana iliyochorwa alama nyeusi kutoka kifuani hadi tumboni. Nilimtambua kwa mwendo wa mama yake.

Mama yake, Paska, ndiye mke mwenzangu aliyeninyooshea kidole miaka iliyopita kule Inde, mbele ya ukoo mzima, siku tulipomzika mwanawe Ezati. Mtoto alikula kunde zenye ufuta jikoni mwangu; jioni akaanza kujikunja kwa maumivu. Walisema nimemtilia sumu. Mume wetu, Alionzi, alitazama chini. Nikarudi kwetu Koboko na beseni langu na mkeka.

Nilijua sikutia kitu. Lakini kulijua jambo peke yako kunachosha. Ilifika wakati nikawa naihoji mikono yangu mwenyewe kila nilipokoroga chungu.

“Mama mdogo, nasomea uuguzi Arua siku hizi,” alisema Annet baada ya kunywa maji. “Shika simu hii, unielekezee.”

Nilipoielekeza, fulana ilitoweka kwenye kioo. Yakatokea mapafu, ini na matumbo yaliyojikunja, yote yakigeuka kila alipogeuka. Nusura niiangushe simu.

“Mbona matumbo yako membamba hivi? Huko chuoni hamli?”

Alicheka. “Si yangu. Simu inasoma alama za fulana, inachora picha ya mwili wa mtu yeyote.”

Kisha kicheko kikatoweka usoni. Akaniambia nisogeze simu chini, upande wake wa kulia. Hapo palining’inia kitu chembamba kama mnyoo.

“Hiki ni kidole-tumbo. Kikivimba, maumivu huanza kitovuni, yakahamia hapa. Mgonjwa hutapika, hukunja mguu. Hapakandwi, wala hapangojewi. Ni kukimbilia hospitali. Kikipasuka...”

Nikamwona tena Ezati siku ile mkekani, goti la kulia limekunjwa.

“Ndicho kilichomuua?”

“Siwezi kuapa, mama mdogo. Lakini nilipokiona darasani, nilitoka nje nikalia. Nataka mama asikie, nawe ukiwepo.”

Akampigia Paska, akaongeza sauti ya simu ili sote tusikie, akamweleza polepole. Paska akauliza, kuku wakilia nyuma yake:

“Rosina yupo hapo?”

“Nipo, dada.” Miaka yote hiyo hakuwahi kulitamka jina langu.

“Wewe umeiona hiyo picha. Ni upande gani?”

“Kulia. Chini.”

Sauti ikamtoka ikikwaruza. “Ndipo nilipomkanda. Kwa kitambaa cha moto, kwa nguvu zangu zote. Aliniomba niache, nikadhani ni sumu inayotoka.”

Annet aliinamisha uso. Nilikuwa nimeingoja siku hii kwa hamu ya mtu aliyefungwa bure. Sasa mlango wa jela hiyo ulikuwa wazi, na aliyekuwa akiingia ndani ni Paska.

“Dada,” nikasema, “hukujua. Alikuwa mikononi mwa mama yake.”

Hakukata simu.

Paska si jina lake halisi. Wewe uliyesoma haya, msomee jirani mwenye watoto, umwonyeshe mahali penyewe kwenye tumbo lako. Ukifika kwenye maneno ya simu, punguza sauti; huenda anayekusikiliza naye aliwahi kumkanda mwanawe.