Siku ya Nkwo, Saa Nne Asubuhi

Kitu cha kwanza alichokiona Ukamaka ni taa ya ngazini. Alikuwa amepiga magoti anasugua ngazi, taa ikafifia, ikawa nyekundu kama kaa la moto, ikakaa hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, kisha ikawaka kama kawaida. Huko juu ofisini mtu akapiga meza kwa kiganja. Seva ilikuwa imezima tena.

Seva hiyo ndiyo iliyogawa viti vya mabasi ya Lagos na Abuja kwa vituo vingi vya jimbo. Ikizima, abiria watatu wanajikuta na kiti kimoja, na makarani wa vituoni wanapiga simu kutukana. Na kila ilipozima, Madam Nwabuogo, meneja wa ofisi, alitoka mlangoni akamkazia macho Ukamaka na ndoo yake. Alikuwa na hakika kwamba msichana huyu anagusa waya kwa ufagio. Alishampa onyo mara mbili. La tatu lingekuwa la kurudi kwao. Ukamaka hakuwa na ulimi wa kujitetea. Shule aliiacha darasa la nne, na mbele ya watu wa kompyuta maneno yalimganda mdomoni.

Basi akawa anaiangalia ile taa. Mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu. Ikafifia tena Ijumaa, halafu Jumanne, halafu Jumamosi. Hakuhitaji kuandika mahali. Kila siku iliyofifia ilikuwa siku ambayo asubuhi yake alipita sokoni akabanwa na magunia na mabeseni ya muhogo. Siku ya Nkwo. Eke, Orie, Afo, Nkwo, kisha Eke tena: siku nne za wiki ya soko, na mji mzima unazihesabu bila kufundishwa. Nyuma ya jengo, upande ambao madirisha ya ofisi hayafunguliwi kwa sababu ya kiyoyozi, palikuwa na mashine kubwa ya umeme ya kusagia muhogo. Iliwashwa siku ya Nkwo tu, na waya wake ulitoka kwenye nguzo moja na waya wa ofisi.

Aliyekuwa akihangaika na seva ni Ifeatu, mwandishi wa programu, aliyezaliwa na kukulia Lagos. Watu walimjua kwa maandishi yake. Kila Alhamisi alitoa mtandaoni kipande kifupi, leo juu ya ugunduzi wake wa kompyuta, kesho juu ya mambo madogo ya kila siku ambayo wengine hawayatupii jicho, na maelfu walimsoma. Ukutani alikuwa amebandika jedwali kubwa, Jumatatu hadi Jumapili, kila hitilafu ina rangi yake. Miezi miwili alikuwa akilitazama jedwali lile kama mtu anayesubiri lizungumze.

Ukamaka alimvizia siku aliyokuwa peke yake jikoni, anasubiri maji yachemke.

“Oga, samahani,” alisema, akimwita kama wanavyoitwa mabosi, macho kwenye sakafu. “Inazima siku ya Nkwo. Ni ile mashine ya muhogo huko nyuma.”

Ifeatu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. “Yaani mizimu ya soko inakula seva yangu? Mgbeke, utanivunja mbavu.”

Mgbeke ni jina wanaloitwa wasichana wa shamba, wale wanaodhaniwa hawajui hata kuvuka barabara. Ukamaka alilimeza kama alivyomeza mengine. Lakini onyo la tatu lilikuwa linamnyemelea, kwa hiyo akaongeza kwamba keshokutwa ni Nkwo, saa nne asubuhi, na kwamba Oga akisimama ngazini ataiona taa mwenyewe. Tangu aanze kazi pale hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo.

Keshokutwa yake Ifeatu alitoka akasimama ngazini kama mtu anayepita tu. Taa ikafifia. Alishuka mbio, anaruka ngazi mbili mbili, na jioni walikuwa wamekwisha kuufuata waya mpaka kwenye nguzo. Haikupita wiki, seva ikapata betri zake na waya wake. Nkwo iliyofuata ikapita salama. Madam akaacha kuitazama ndoo. Ahsante haikutoka kwa yeyote, na Ukamaka hakuingoja. Alijiambia kwamba Oga amesahau kwa furaha.

Alhamisi Madam Nwabuogo alikisoma kipande kipya cha Ifeatu ofisini kwa sauti, huku akijipepea kwa bahasha. Ifeatu ameandika kwamba alikaa peke yake mbele ya namba zake, na ghafla akagundua kuwa siku zote alikuwa akizipima kwa wiki isiyo ya mji huu. Ofisi ikapiga makofi. Kisha Madam akafika mistari ya mwisho, akaanza kucheka kabla hajasoma. “Mfagiaji wetu, Mgbeke halisi, alikuwa ameshanionya kwamba mizimu ya soko inakula seva. Msiogope kumcheka. Hajui kusoma, hatawaona.”

Walicheka. Ukamaka alikuwa mlangoni na kitambaa mkononi. Mmoja akamwambia asikasirike, ni utani tu.

Mchana aliazima simu ya mlinzi, akakaa nyuma ya tangi la maji. Kusoma alijua. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, na pale palipoandikwa hajui kusoma alipasoma mara mbili. Halafu akashuka kwenye maandishi ya zamani. Kuna lile la siafu waliojaa ndani ya kibodi: nimegundua, ameandika Ifeatu, kwamba wanafuata makombo ya mkate na si joto la mashine. Ukamaka ndiye aliyezikung’uta kibodi zile na kumwonyesha makombo. Kuna lile la mtandao unaolegea mvua ikinyesha: nimegundua kwamba maji yanaingia kwenye kiungo cha waya juu ya paa. Aliyepanda paani ni mlinzi huyuhuyu mwenye simu. Nimegundua, nimegundua. Akamrudishia mlinzi simu yake.

Nkwo iliyofuata, sokoni, muuza akara, vile vitumbua vya kunde, alimfungia za kwake kwenye gazeti, akamwomba aisalimie mizimu, na kama ina nafasi imletee wateja. Wanawake wa foleni wakashikana mabega kwa kicheko. Mwana wa muuza akara alikuwa amewasomea maandishi ya Ifeatu. Ukamaka aliziacha akara juu ya meza, akaondoka na njaa yake.

Jumamosi wakaja wanafunzi wa chuo cha ufundi, kumi na wawili, kumsikiliza Ifeatu. Ukamaka alikuwa anazunguka na sinia la maji. Kijana mmoja mwenye miwani akauliza wazo la siku nne lilimjiaje. Ifeatu akatabasamu, akasema mambo kama hayo huja tu, ukiwa na jicho.

“Sawa,” yule kijana akasema, “lakini kwa nini seva ilizima saa nne? Soko si linaanza alfajiri?”

Ifeatu alikuna kidevu. Akasema pengine ni joto, kwamba jua likipanda umeme unapungua nguvu. Wanafunzi wakainamia madaftari kuandika.

“Si joto,” Ukamaka alisema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini kalamu zikasimama. Madam akamwambia aende jikoni. Hakwenda. Alisema, akilitazama sinia, kwamba muhogo unatoka vijiji vya ng’ambo ya mto. Wanawake wanaumenya alfajiri, wanauosha, wanaubeba kichwani, na haufiki kabla ya saa tatu na nusu. Mwenye mashine haiwashi kwa beseni moja. Anangoja foleni ifike mlangoni.

“Wewe umejuaje?” kijana akauliza, na hakuuliza kwa dharau.

“Nimeubeba. Na mimi ndiye niliyemwambia Oga kuhusu Nkwo. Sikutaja mizimu. Mizimu aliitaja yeye.”

Hakuna aliyecheka. Kijana mwenye miwani alifuta kitu kwenye daftari lake. Ifeatu alinyanyuka, akaja karibu huku tabasamu limemkauka usoni, akamshika kiwiko, akainama kama mtu anayetuliza mtoto.

“Dada yangu,” alinong’ona, “kama jambo hili lilikuuma, si ungekuja tu ukaniambia kando?”

Ukamaka aliweka sinia mezani. Akainua uso, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza, na hakunong’ona.

“Nilikuambia kando, Oga. Ndiyo maana ukaweza kulichukua.”