Mkate wa Kuteremkia Lundo

Bonifasia alikuwa amepika ugali na maharage katika jiko la chama cha ushirika, pale Mbinga mjini, kwa miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kama anajua sandwichi. Kisha biashara ya kahawa ikaachwa huru. Wanunuzi binafsi wakaingia na magari yao na mizani yao, chama kikafunga milango, na Bwana Adolf wa kampuni mpya, mtu wa Moshi, akapanga jengo lilelile na jiko lilelile, pamoja na masufuria ambayo Bonifasia aliyajua moja moja kwa makovu yake.

"Shikamoo mama," Bwana Adolf alimwambia siku alipokwenda kuulizia kazi. "Mimi mezani sikai. Kutwa niko barabarani, kahawa huku juu, mpunga kule Lundo. Namtaka mpishi wa sandwichi. Tena nzuri."

"Marahaba. Nitatengeneza," Bonifasia akajibu, kwa sauti ileile anayoitikia "Amina" kanisani.

Ukweli ni kwamba sandwichi alikuwa ameiona mara moja tu maishani, mkononi mwa padre mgeni, nayo ilikuwa imeshaliwa nusu. Lakini angesemaje? Mumewe alikuwa amelala makaburini mwaka wa sita. Akilikosa jiko lile, ilikuwa arudi Kitura kwa shemeji yake Othmar, alale kwenye chumba cha mahindi, na kila debe likipungua yeye ndiye aulizwe kabla ya panya.

Wala hakuwa peke yake. Devotha wa Mbuji naye aliitaka kazi hiyohiyo. Msichana huyo alikuwa amefundishwa mapishi na masista miaka miwili, ana kisu chenye meno na aproni iliyopigwa pasi. Bwana Adolf hakutaka kuamua kesi ya wanawake wawili ofisini, akasema Ijumaa anashuka Lundo kutazama mpunga. Wapande gari wote wawili, kila mmoja na sandwichi zake, zitaliwa njiani. Atakayemshibisha vizuri zaidi ataanza kazi Jumatatu.

Jumanne Bonifasia akanunua mkate, akachukua slesi mbili, katikati akaweka usipa, wale dagaa wa ziwani, wa mchuzi. Nyama hakuifikiria, maana siku yenyewe ingekuwa Ijumaa, siku ya kuacha nyama. Akamwita jirani yake Emerensiana aonje. Emerensiana alipoinua tu, mchuzi ukamshuka hadi kwenye kiwiko, ukaingia ndani ya mkono wa gauni.

"Mwenzangu," akasema, "mimi sijaila, yenyewe ndiyo inanila."

Jumatano akaweka usipa wakavu watupu. Emerensiana akatafuna hadi kengele ya Malaika wa Bwana ikalia, wakasali, akaendelea kutafuna.

Alhamisi, kichwa kikimuuma, Bonifasia akaenda kupalilia maharage yake mlimani. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha ya kubeba mawe. Akasimama juu ya shamba akatazama. Lilikuwa la ngolo, kama mashamba yote ya Wamatengo: nyasi zimelazwa kwa kukatizana, udongo umefunikwa juu yake, yakatokea matuta ya mraba na kila mraba shimo lake. Mvua yote ile, na mlima ulivyosimama wima, hakuna kilichoteremka. Maji yalikuwa yametulia ndani ya mashimo kama watoto wa komunyo ya kwanza.

"Bwana asifiwe," akasema polepole, akaacha jembe palepale, akarudi nyumbani.

Ijumaa asubuhi Landrova ikaondoka, Mansuetus akiendesha, Bwana Adolf mbele na suruali yake nyeupe, wanawake wawili nyuma, kila mmoja na kikapu magotini. Bonifasia akatoa rozari.

"Umefanya vizuri, mama," Devotha akamwambia. "Utuombee safari njema."

Bonifasia akaitikia kwa kichwa. Safari njema aliiombea katika fungu la kwanza. Kuanzia la pili alikuwa anaombea kona.

Walipofika juu kabisa, pale ambapo ziwa linaonekana kwa mara ya kwanza na barabara inaanza kujikunjakunja kuteremka, Bwana Adolf akasema, "Sasa tule." Mansuetus alimtazama mara moja, kisha akatazama barabara. Hakuna mtu wa huku ambaye angekula pale, lakini bosi ni bosi.

Devotha akafunua kitambaa. Hata Bonifasia alikiri moyoni kwamba vipande vile vilikuwa vizuri mno: vimekatwa pembe tatu, kingo ngumu zote zimeondolewa, ndani siagi, yai la kuchemsha, nyanya na tango jembamba la kuonyesha mwanga. Bwana Adolf akachukua kimoja. Mansuetus akapewa kingine, akashika usukani kwa mkono mmoja.

Kona ya kwanza, tango likaondoka. Ya pili, yai. Kwenye ya tatu nyanya zikatoka pamoja, moja ikaingia mfukoni mwa shati penye kalamu, nyingine zikapumzika juu ya suruali nyeupe, na Bwana Adolf akabaki ameshika slesi mbili safi, moja kila mkono, kama mtu anayesubiri wenzake waanze kupiga makofi. Duara la tango lilikuwa limemganda Mansuetus shingoni. Hakuthubutu kuachia usukani alitoe.

Bonifasia akainamisha uso kwenye rozari, mabega yakimtikisika.

"Mama," Bwana Adolf akasema bila kugeuka, "na ya kwako?"

Akampa. Ilikuwa nene, kingo zake zote zipo. Mkate alikuwa ameukata vipande vya unene wa vidole viwili, akaubonyeza kwa kidole gumba mashimo mashimo, akabakiza matuta katikati. Juu ya matuta majani ya kabichi aliyoyachana nyuzi nyuzi na kuyalaza kwa kukatizana. Ndani ya mashimo maharage yaliyopondwa na kitunguu, na juu ya maharage usipa wa kukaanga, kila mmoja amelala kwenye kitanda chake, kisha kipande cha pili kikafunikwa juu na kukandamizwa.

Kona ya nne ilikuwa mbaya kuliko zote tatu. Bwana Adolf akaikabili amefumba macho na mkono mwingine chini ya kidevu. Hakuna kilichoanguka. Akaigeuza, akaitikisa kidogo, akatafuta pa kuvujia.

"Huyu mmoja ananitazama," akasema.

"Mtazame na wewe, mwanangu, kisha umle."

Akamla.

"Hii siyo sandwichi, mama," Devotha akasema kwa sauti ya chini. "Hili ni shamba."

"Ndiyo, shamba. La kwako uling'oa matuta ukabakiza mteremko."

Walipofika Lundo, Bwana Adolf alikuwa amemaliza ya pili na Mansuetus ya tatu. "Jumatatu, mama," akasema, akaenda kutazama mpunga akiwa ameweka kofia mbele ya suruali. Devotha alibaki kando ya gari, anatazama ziwa. Katika kikapu cha Bonifasia ilikuwa imebaki moja. Bonifasia akaisogeza hadi karibu na mkono wa msichana, akajifanya anahesabu mitumbwi. Alipogeuka, haikuwepo hata chembe.

Jumamosi akaenda kuungama.

"Baba, niliomba kona ziwe kali."

"Kali kuliko zilivyo?" padre akauliza. Yeye huzishuka kila mwezi kwenda kusoma misa.

"Ndiyo, Baba. Na kwenye ya tatu nikacheka."

"Ile ya tatu haihitaji maombi," padre akasema. Kisha akampa kitubio: amfundishe Devotha.

Bonifasia akaomba abadilishiwe, apewe rozari tano, hata kumi. Padre akakataa.

Basi Jumatatu asubuhi Devotha akafika jikoni, aproni imepigwa pasi, kisu cha meno mkononi. "Shikamoo mama," akasema, akitazama sakafu.

"Marahaba." Bonifasia akakichukua kisu taratibu, akakiweka juu ya kabati, mbali. "Njoo hapa kwenye ndoo. Kwanza nawa kidole gumba."